Kopo chini ya mkwaju: mchezo wa kusaka makasha kwa simu, na adabu zake kijijini

Hivi karibuni tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa bibi mmoja wa Mkula, wilayani Busega. Mjukuu wake amekuja likizo kutoka mjini, ana simu janja, na anataka kuficha kopo chini ya mkwaju ulio nyuma ya nyumba ili watu waje kulitafuta "kwa setilaiti". Bibi akamalizia kwa swali: "Wanangu wa redio, huo ni mchezo au ni balaa?"

Studio tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Kopo lililofichwa vichakani, lenye karatasi ndani iliyoandikwa majina ya watu, si jambo dogo katika kijiji chochote cha Usukumani. Bibi ameuliza vizuri, na anastahili jibu kamili. Tumeliandika hapa ili nawe msikilizaji ulisome kwa nafasi yako, na ukipenda umsomee jirani asiye na simu janja.

Ni mchezo gani huu?

Kwa lugha za wenzetu unaitwa jiokashi. "Jio" ni ardhi, na "kashi" ni kitu kilichowekwa akiba mahali pa siri. Sisi tutauita mchezo wa kusaka makasha. Mtu anaficha kopo au kikasha, anaandika namba za mahali alipokificha, kisha anawapa wengine namba hizo. Wengine wanafuata namba kwa simu mpaka wafike, wanatafuta kwa macho, wakilipata wanaandika jina na tarehe kwenye kijidaftari kilichomo ndani, halafu wanalirudisha palepale kama walivyolikuta. Hakuna fedha inayoshindaniwa. Ushindi ni ile furaha ya kulipata na jina lako kubaki kwenye daftari.

Mchezo ulianza Marekani, na tarehe yake inajulikana. Kabla ya mwaka 2000, setilaiti za GPS zilikuwa zikiharibiwa usahihi kwa makusudi. Jeshi la Marekani, ambalo ndilo mwenye setilaiti hizo, lilijibakizia usahihi kamili, na raia wa kawaida akapata kipimo kinachoweza kukosea hata mita 100. Mei 2, 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, kizuizi hicho kiliondolewa. Kesho yake, Mei 3, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer aliweka ndoo msituni karibu na mji wa Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo. Ndani aliweka daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, likiwemo kopo la maharage. Sharti lilikuwa moja: ukichukua kitu, acha kitu. Mike Teague alikuwa wa kwanza kuifikia, siku chache tu baadaye.

Mwaka huohuo wa 2000 kasha lilifichwa nchini Kenya, nalo huhesabiwa kuwa la kale zaidi Afrika. Leo duniani kuna makasha zaidi ya milioni 3. Mwaka 2008 Richard Garriott aliacha moja hata kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu. Kwa hiyo mjukuu hakubuni kitu cha ajabu. Ameupenda mchezo unaochezwa na familia nyingi siku za mapumziko.

Simu inajuaje mahali ulipo?

Wengi hudhani GPS inakula bando. Haili. Simu yako haitumi chochote kwenda kwa setilaiti. Inasikiliza tu, kama vile redio yako inavyotusikiliza sisi.

Setilaiti za GPS zipo zaidi ya 30, na huzunguka dunia zikiwa juu kilomita 20,200 hivi. Kila moja inatangaza muda wote maneno yaleyale: "Mimi ni fulani, niko hapa, na sasa ni saa fulani." Simu inapokea tangazo na kuangalia limechelewa kiasi gani njiani.

Wafugaji wanaielewa hesabu hii tangu utotoni. Ukiona mwanga wa radi, ukahesabu hadi tatu ndipo ngurumo ifike, unajua radi imepiga kama kilomita moja kutoka ulipo. Ukihesabu hadi sita, ni kilomita mbili. Simu inafanya hivyohivyo, ila mawimbi ya setilaiti yanakwenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndiyo maana saa zilizomo ndani ya setilaiti zinatakiwa kuwa sahihi mno.

Umbali mmoja hautoshi. Mtu akikupigia akasema yuko kilomita 10 kutoka Lamadi, hujui yuko upande gani. Akitaja na umbali wake kutoka Nyashimo, unabaki na sehemu mbili tu anazoweza kuwepo. Akitaja na umbali wa kutoka mji wa tatu, umemjua. Simu nayo inahitaji setilaiti angalau nne: tatu kwa ajili ya mahali, na ya nne kwa ajili ya kusahihisha saa ya simu yenyewe, ambayo si sahihi kama za angani.

Hapa kuna mambo matatu ya kukumbuka.

Kwanza, simake mahali peupe. Chini ya paa la bati, ndani ya kichaka kizito au ubavuni mwa jiwe kubwa, mawimbi hayafiki vizuri au yanagonga mwamba kwanza, na simu inakosea.

Pili, uwe na subira. Bila mtandao simu inaweza kuchukua dakika kadhaa, pengine zaidi ya kumi, kabla ya kupata setilaiti kwa mara ya kwanza.

Tatu, namba zinapatikana bila bando, lakini picha ya ramani haipatikani hivyo. Ramani ya eneo lako uipakue mapema ukiwa kwenye mtandao, kisha utaitumia hata pasipo na mnara.

Kuzisoma namba za mahali

Namba hizi wataalamu huziita viwianishi. Ya kwanza inaeleza uko umbali gani kaskazini au kusini mwa Ikweta. Ya pili inaeleza uko umbali gani mashariki au magharibi mwa mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Sisi wa Busega tuko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 2 na kitu, na mashariki kwa nyuzi 33 na kitu. Kwa hiyo simu nyingi zitaandika namba inayoanza na -2 na nyingine inayoanza na 33. Ile alama ya kutoa ni muhimu. Ukiisahau, unampeleka mwenzako upande wa pili wa Ikweta, huko Uganda.

Baada ya nukta kuna tarakimu nyingi, na kila moja ina kazi yake. Uzi mmoja mzima ni kama kilomita 111. Tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita 110, ya nne ni mita 11, na ya tano ni mita moja na kidogo. Ukiandika tarakimu tatu tu, umemleta mtafutaji kijijini lakini hujamleta kwenye mkwaju. Andika tano.

Kwenye ramani nyingi za simu, bonyeza mahali kwa kidole na ushikilie kidogo, namba zitatokea. Simu ya kawaida, ikiwa juu ya uwazi, hukosea kama mita 5. Kwa hiyo anayeficha kopo asichukue kipimo mara moja akaondoka. Apime, asogee, arudi, apime tena, kisha achague namba zinazojirudia.

Vifaa: vichache, na karibu vyote unavyo

Kinachohitajika ni simu yenye GPS na yenye chaji. Programu ya mchezo hupatikana bure kwa kiwango cha kuanzia. Ukichaji kwa sola nyumbani, toka asubuhi betri ikiwa imejaa, maana GPS inamaliza chaji haraka.

Beba kalamu, kwa sababu makopo mengi hayana. Vaa viatu vilivyofunika mguu, na buti za mpira zikiwepo ni bora zaidi. Beba maji, kofia, na fimbo. Fimbo si ya kutembelea tu: ndiyo inayotangulia kugusa chini ya jiwe au ndani ya shimo la mti kabla ya mkono. Kifutu hulala bila kukimbia akisikia mtu, na nge hupenda kivuli cha jiwe kama wewe unavyokipenda. Kamwe usiingize mkono mahali ambapo macho hayajafika. Mti wenye nyuki uache kama ulivyo.

Kwa anayeficha, kopo lifae kazi yake. Kopo la plastiki angavu lenye mfuniko wa kukaza ndilo bora, maana mpita njia anaona kilichomo bila kulifungua. Usitumie chupa au kopo lililowahi kubeba viuatilifu vya pamba, hata ukilisafisha mara kumi. Sumu inabaki, na watoto ndio watakaolishika. Usitumie kopo la dawa za hospitali wala kitu chochote chenye nyaya. Karatasi iweke ndani ya kikopo kingine kidogo ili mvua isiiharibu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo kulining'iniza kopo mtini kwa mfuko wa aina hiyo si jibu.

Ndani unaweza kuweka zawadi ndogo: shanga, kifutio, kitufe, kipande cha kitenge. Usiweke chakula, kwa sababu siafu, panya na nyani watakutangulia. Usiweke dawa, kiberiti, kisu wala pombe.

Namna ya kutafuta

Ingiza namba kwenye simu, fuata mshale, lakini fuata njia za watu. Simu inaonyesha mstari ulionyooka, nayo haijui kuwa katikati kuna shamba la mtu, bonde lenye maji au boma la ng'ombe. Zunguka. Mita mia mbili za kuzunguka ni bora kuliko ugomvi.

Ukibakiwa na mita 10, weka simu mfukoni. Imemaliza kazi yake. Sasa ni kazi ya macho. Jiulize: kama ningekuwa mimi, ningeficha wapi? Angalia kilicho tofauti na mazingira: jiwe lililokaa juu ya mengine bila sababu, rundo la vijiti vilivyonyooka mno. Usichimbe. Kwa kawaida katika mchezo huu kasha halizikwi ardhini, kwa hiyo anayechimba amekosea tangu mwanzo. Usivunje matawi na usipindue mawe yote kama unayetafuta dhahabu.

Ukilipata, andika jina na tarehe, funga sawasawa, rudisha palepale. Ukichukua zawadi, weka nyingine yenye thamani sawa au zaidi. Usipolipata, si aibu. Mjulishe aliyelificha, huenda limechukuliwa na maji.

Adabu kubwa: lifiche kopo, usifiche nia

Sasa tunafika kwenye swali la bibi. Huko Ulaya na Marekani, wachezaji wana desturi ya kujificha wasionekane na wasiocheza. Wana hata jina la utani la watu hao, walilolichukua kwenye vitabu vya Harry Potter. Kwenye mji mkubwa ambako hakuna anayemjua mwenzake, desturi hiyo inalilinda kopo lisiibwe.

Lakini hata huko imewahi kuleta taharuki. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, kasha dogo lililowekwa barabarani lilidhaniwa kuwa bomu. Watu waliondolewa eneo hilo, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakalilipua. Mtu alikuwa ameonekana akihangaika na kitu kwa namna ya kujificha, na kujificha kwenyewe ndiko kulikotia hofu.

Kwetu hofu ina sura nyingine. Mgeni akionekana jioni anachutama nyuma ya kaya ya mtu, anafukunyua chini ya mti, anaweka kitu na kuondoka kimyakimya, hakuna atakayefikiria bomu. Watu watafikiria amezika dawa. Asubuhi yake mtoto akiugua au ng'ombe akifa, kopo litageuka ushahidi, na majina yaliyomo kwenye daftari yatageuka orodha. Kanda ya Ziwa tumezika wazee, wengi wao akina mama, waliouawa kwa tuhuma za uchawi ambazo hazikuwa na ukweli wowote. Hatuwezi kuandika juu ya kuficha vitu kwenye vichaka vya watu tukajifanya hatulijui hilo. Mwenye nyumba akiwa bibi anayeishi peke yake, uzito unaongezeka.

Kwa hiyo adabu ya mchezo huu kijijini ni kinyume cha ile ya mjini. Mtafutaji ndiye pekee asiyejua kopo liko wapi. Mwenye ardhi anajua. Majirani wanajua kuwa kuna mchezo. Mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu wanajua. Tunashauri hatua hizi:

Omba ruhusa kwa mwenye eneo kabla ya kuficha, wala si baada ya kukutwa. Ardhi ya kijiji nayo ina wenyewe: nenda kwa mwenyekiti au mtendaji. Kumbuka pia kuwa ngitili si pori. Yale ni malisho yaliyotunzwa kwa ajili ya kiangazi, na mwenyewe anaujua kila unyayo uliopita humo.

Mwonyeshe kopo likiwa wazi. Mwache alishike, asome kilichoandikwa, aulize. Kisha lifungeni pamoja.

Andika juu ya kopo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: HUU NI MCHEZO. HAKUNA KITU CHA HATARI. USILITUPE. Ongeza jina la kitongoji na kwamba uongozi una taarifa.

Cheza mchana. Hakuna kopo lenye thamani ya kutafutwa gizani karibu na nyumba za watu.

Salimia kwanza. Asubuhi ni "mwangaluka", mchana ni "mwadila", na ukimaliza "wabeja". Mgeni anayesalimia na kusema anachotafuta huonyeshwa hata njia ya mkato. Anayepita kimya ameinamia simu huulizwa maswali, na ni haki aulizwe. Ukiulizwa, jibu kwa upole na uonyeshe simu yako.

Watoto wasiende peke yao. Mchezo wa kufuata namba kwenda mahali pa faragha unaweza kutumiwa na mtu mbaya. Mtoto aende na mtu mzima wa nyumbani, na namba ziwe zimetoka kwa mtu anayefahamika.

Mahali pasipofaa kabisa

Usifiche wala usitafute makaburini, kwenye miti au mawe ya matambiko, kwenye kisima, chini ya daraja, karibu na mitambo ya umeme au minara ya simu, wala kwenye eneo la jeshi au polisi.

Ufukweni mwa ziwa, kaa mbali na matete. Kiboko hutoka jioni, na mamba hatoi taarifa.

Kwa upande wa hifadhi, sisi wa Busega tuna majirani wawili wakubwa: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, yenye lango la Ndabaka karibu na Lamadi, na Pori la Akiba Kijereshi. Kuingia humo bila kibali ni kosa kisheria, hata kama mshale wa simu unakuelekeza. Simu haitakutetea mbele ya askari wa wanyamapori, wala mbele ya tembo. Kwa sehemu za namna hiyo mchezo una aina nyingine isiyo na kopo: mgeni aliyeingia kihalali anafika mahali, anaangalia mwamba au bonde, kisha anajibu maswali kuhusu namna lilivyotokea. Hakuna kinachoachwa chini.

Mashambani nako angalia msimu. Usipite kwenye pamba iliyofunua. Na baada ya mavuno usifiche kopo kwenye marundo ya mabua, kwa sababu mabua ya pamba hung'olewa na kuchomwa moto ili kuua wadudu, na kopo lako litaungua humo.

Faida inayobaki baada ya mchezo

Mtu anaweza kuuliza: watu wazima na kopo la nini? Tunajibu kwamba mchezo huu unamfundisha mtu kutaja mahali alipo kwa uhakika, na ujuzi huo una siku yake.

Nyumba zetu nyingi hazina namba wala jina la mtaa. Usiku mama mjamzito akizidiwa, dereva anaelekezwa: "Ukipita mbuyu, kata kulia, uliza kwa mzee fulani." Gizani mbuyu hauonekani, na mzee amelala. Mpango wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, unapigiwa simu bure kwa namba 115. Dereva akikupigia kuuliza njia, ukiwa na namba za nyumba yako unaweza kumsomea, naye akiwa na simu janja atakuja hadi mlangoni. Ziandike leo kwenye karatasi, uzibandike ukutani au nyuma ya mlango. Zinasomeka hata kupitia simu ndogo ya tochi.

Hata hivyo, tunatoa onyo moja. Usitumie namba za simu kuamua mpaka wa shamba na jirani. Kifaa kinachokosea mita 5 hakiwezi kumaliza ugomvi wa hatua mbili, ila kinaweza kuuanzisha. Mpaka ni kazi ya wapimaji na uongozi wa kijiji.

Jibu letu kwa bibi

Shikamoo bibi. Ni mchezo, wala si balaa, mradi wewe ndiye wa kwanza kujua na majirani wawe wa pili.

Lakini mwulize mjukuu swali moja ambalo pengine hajalifikiria. Sheria za mchezo huu zinataka kila kasha liwe na mtunzaji wa karibu: wa kulikagua baada ya mvua, kubadilisha karatasi iliyolowa, na kuliondoa likichakaa ili lisibaki takataka. Ndiyo maana wasimamizi wa mchezo huwa hawakubali kasha la mtu aliye safarini au likizo, asipokuwa na mwenyeji wa kulitunza. Kasha likitaka kuorodheshwa kwa dunia nzima, wasimamizi hao hulikagua kwanza, na linatakiwa kuwa angalau mita 161 kutoka kasha jingine. Wakitaka kucheza wenyewe kwa wenyewe pale kijijini, hawana haja ya kuorodhesha popote.

Kwa vyovyote vile, likizo itaisha, mjukuu atapanda basi, na kopo litabaki. Kwa hiyo mtunzaji ni wewe, bibi. Kama hutaki, sema hutaki, na mjukuu atii. Kama unataka, tunapendekeza lisikae nyuma ya nyumba. Litafutiwe mti ulio njiani, mahali peupe pa kupitiwa na wengi, kwa ruhusa ya mwenyekiti. Mjukuu alifunge mbele ya majirani wote, na wa kwanza kuandika jina kwenye daftari uwe wewe.